Bahasha Kwenye Ndoo ya Asali

Fomu ina kurasa nne, na tatu nimezijaza bila shida. Namba ya leseni, kituo cha kazi, umri, wategemezi. Ukurasa wa nne una swali moja waliloliwekea mistari miwili ya nukta: "Je, umewahi kupewa ufadhili wa serikali ukashindwa kuripoti chuoni? Kama ndiyo, eleza sababu." Mistari miwili! Aliyetunga fomu hii hajawahi kuishi na Wanyamwezi.

Mimi ni Mgogo. Ni muuguzi mkunga, mwaka wa kumi na moja sasa, katika zahanati ya kijiji kilicho ndani ya msitu. Unashuka basi Ipole, unapanda pikipiki, na kama mvua haijanyesha unafika baada ya saa nzima ukiwa na vumbi mpaka kwenye meno. Watu wa hapa wanalima tumbaku na kurina asali. Zahanati ina vyumba vitano na wafanyakazi wawili: mimi, na mama mmoja mhudumu anayefua mashuka, kupanga mafaili na kuwashika mikono wanaojifungua. Mganga mfawidhi alihamishwa mwaka wangu wa tatu, tukaambiwa mwingine yuko njiani. Njia hiyo sijui ni ya kutoka wapi. Nimeacha kuuliza, maana kila nikiuliza najibiwa kwa upole, na upole ule unaniudhi kuliko matusi. Basi mimi ndiye ninayepima malaria, ninayechanja, ninayezalisha, ninayeshona aliyejikata na panga, na ninayemwambia mama kwamba mtoto wake ameletwa amechelewa. Siku nikiugua mimi, mlango unafungwa.

Sasa, Mgogo akiishi na Wanyamwezi ni mtani wao. Wazee wanasema mambo haya yalianza enzi za misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi wakienda pwani na pembe mabegani walipita nchi yetu kavu, na wakubwa wetu waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, kabla hawajawaruhusu kuchota hata kata moja ya maji. Walipigana, wakachoka, wakaishia kutaniana, na sisi wajukuu tukarithi. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akaingia jikoni kwako akala mboga, akakamata kuku wako akaondoka naye. Kukasirika ni mwiko. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa na utadaiwa faini. Na siku ukifa, mtani ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kuchekesha waliokuja kulia.

Mtani wangu mkubwa alikuwa jirani yangu, mke wa mrina asali. Siku niliyofika kijijini nilikuwa bado nimekalia godoro langu nje ya nyumba ya mtumishi, sijui hata nianzie wapi, akaja akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Mbukwenyi, Mgogo! Umekuja kuomba?"

Alinisalimia kwa Kigogo makusudi, na Wagogo tunataniwa kuwa ni ombaomba. Nikamjibu, "Nimekuja kuwakagua wapagazi wangu kama bado wana migongo."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Jioni akaniletea michembe ya moto, viazi vitamu vyao vya kukausha, pamoja na karanga, akaniambia nile nisahau mboga yetu ya mlenda. Tangu siku hiyo hatukuitana kwa jina. Mimi nilikuwa Mgogo, yeye Mnyamwezi, na mbele ya wageni tuliitana mtani. Nilikuwa nimetoka kuachwa na mume wakati ule, sina mtoto, nina hasira na kila mtu. Kama si yule mwanamke ningeomba uhamisho kabla ya Krismasi ya kwanza.

Watoto wake wawili wa kwanza aliwazaa salama. Wa tatu alikaa vibaya tumboni, nami ndiye niliyemgundua, nikamkimbiza Tabora mjini kwenye gari la tumbaku, akapasuliwa. Alirudi na mtoto wa kike na kovu. Nilimwambia wazi, "Mnyamwezi, kovu hili ni mlango uliofungwa kwa uzi. Ukizaa tena, utazalia penye chumba cha upasuaji, si hapa kwangu." Akasema, "Basi kiletwe chumba."

Na chumba kililetwa. Haki ya Mungu, serikali ilijenga jengo la upasuaji kwenye kituo cha afya cha kata ya jirani, nusu saa kwa gari kutoka kwetu. Jengo zuri, vigae sakafuni, taa kubwa juu ya kitanda, mashine ya usingizi bado iko kwenye nailoni yake. Daktari wa kupasua naye akaja, kijana mpole anayezungumza kama anaomba radhi. Mtu wa usingizi hakuja. Na bila mtu wa kumlaza mgonjwa, kumlinda akiwa amelala na kumwamsha, daktari hana la kufanya na kisu chake. Tukawa tunapita mbele ya jengo lile na wajawazito wetu kila mwezi, tukiwapeleka Tabora, saa tatu za barabara ikiwa kavu. Nilikuwa nikifika pale nageuza uso upande wa pili.

Ndipo likaja tangazo. Serikali itasomesha wauguzi wa vijijini kozi ya usingizi, mwaka mmoja, ada juu yake, malazi juu yake, mshahara unaendelea. Ukimaliza unarudi wilayani kwako kufanya kazi hiyo. Wilaya yetu nafasi moja. Niliomba kama mtu anayetupa jiwe kisimani, halafu mchana mmoja nikiwa chumba cha chanjo simu ikaita, ofisa mmoja wa wilayani akaniambia nimechaguliwa. Jamani, nililia. Akina mama kwenye benchi walidhani nimefiwa. Niripoti chuoni Jumatatu, mkoa mwingine, na vyeti halisi: cha sekondari, cha uuguzi, na leseni. Alirudia mara mbili, nakala hazitapokelewa.

Nikawaambia wanakijiji kwenye mkutano. Kwanza walipiga makofi. Halafu bibi mmoja akauliza, "Na sisi tutazalishwa na nani huo mwaka mzima?" Nikawaambia nilivyoambiwa, kwamba ataazimwa muuguzi wa zahanati nyingine. Hakuna aliyeamini, na mimi niliyesema sikuamini. Zahanati nyingine nayo ina muuguzi mmoja. Ukimwazima, unaihamisha shida ukaiita msaada. Wanaume wakaanza kuangalia viatu vyao. Mtani wangu alikuwa amekaa mbele, hakuuliza kitu, na yeye alikuwa mtu wa kuuliza.

Ijumaa wanawake walijaa kwangu. Walipika kuku, wakaimba, wakanitania mpaka mbavu zikauma. Begi langu lilikuwa wazi juu ya kitanda, na juu ya nguo zote nilikuwa nimeweka bahasha ya kaki yenye vyeti. Mtani wangu akaingia chumbani, akaiona, akaichukua. Akatoka nayo uani ameishika juu ya kichwa.

"Sikilizeni! Babu zake huyu waliwatoza babu zetu hongo kwa maji ya kunywa. Leo Mgogo anataka kupita nchi yetu bure? Hapiti! Hii ndiyo hongo yake!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mimi nikapiga magoti, nikashika miguu yake, nikamwita bwana mkubwa, nikamwahidi jogoo. Akasema, "Kesho asubuhi. Ukija kunipigia magoti mlangoni kwangu, majirani wakiona." Akaondoka na bahasha kwapani.

Nilimwona akiichukua. Ningeweza kumfuata, nikamwambia, "Mtani, hapa tumefika mwisho, hiyo si ya kuchezea." Angenipa, nina hakika. Sikumfuata. Na kwa kuwa ninaandika ukweli, acha niuandike wote: alipoondoka nayo, kitu kifuani mwangu kililegea. Nilikuwa naogopa kwenda. Nilikuwa na miaka arobaini kasoro, sijakaa darasani tangu ujana, na kila mimba ya kijiji kile niliijua kwa tarehe zake. Nikajiambia, kesho asubuhi ni karibu.

Yeye alipofika kwake akatafuta mahali ambapo panya hawafiki wala watoto. Mume alikuwa na ndoo zake za asali, safi, tupu, zenye vifuniko vinavyokaza, zimepangwa ukutani zikisubiri safari ya Jumatatu. Akaiweka bahasha ndani ya mojawapo akafunga kifuniko. Mimi mwenyewe nisingepata mahali pazuri zaidi.

Warina asali wana mambo yao. Wakiona wingu baya, au mwenzao mmoja akiwa na haraka, hawangoji Jumatatu. Alfajiri ile wenzake walimpigia mume filimbi barabarani, akaamka, akafunga ndoo zake kwenye baiskeli, akaondoka bila kumwamsha mke aliyekuwa amechoka kwa kupika na kucheza kwangu. Nilipofika pale mlangoni kupiga magoti, nimevaa kabisa nguo ya safari, nilimkuta mtani wangu amesimama katikati ya chumba anaangalia ukuta.

"Ndoo," akasema. "Mgogo, ndoo hazipo."

Nikacheka. Nilidhani utani unaendelea! Nilicheka nikapiga magoti kabisa, majirani wakachungulia wakacheka nao. Alianza kulia, nikamwambia analia vizuri, apewe jogoo wa pili. Ilinichukua muda, sijui dakika ngapi, kuona kwamba machozi yale ni ya kweli.

Alitoka mbio vile vile, bila viatu, kanga moja, akaifuata njia ya msituni. Kule ndani hakuna mtandao wa simu, na njia zinagawanyika, kila kundi lina kambi yake, wengine siku nzima ya baiskeli. Mwenye pikipiki tuliyemwomba aliuliza, "Kambi ipi?" hakuna aliyejua. Basi la Ipole likaondoka. Mchana mtani alirudi, nyayo zimechanika, akakaa kwenye kizingiti cha zahanati. Nilimtoa miiba nikiwa nimevaa bado nguo ya safari.

Nikampigia yule ofisa. Alikuwa Msukuma, mtu wa watu. Nikamweleza ukweli wote kama ulivyo, kwamba vyeti vyangu vimechukuliwa na mtani wangu vikaenda msituni na ndoo za asali. Alicheka! Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi Mnyamwezi kakuweza, Mgogo." Nilimsubiri amalize. Halafu sauti ikabadilika, akasema kwa upole ule ule wao, "Dada, kama hutaki kwenda, sema tu hutaki. Wapo wanaoisubiri nafasi." Nikamwapia. Akaniambia labda nikapate ripoti ya polisi kwamba nimeibiwa, aone kama chuo kitakubali wiki moja. Niibiwe na nani? Nani aliwahi kumshitaki mtani? Ningeandika jina lake polisi, nisingeweza kurudi kuishi pale, na yeye asingeweza kuishi mbele ya watu wake. Nilikaa na simu mkononi. Jumatatu ikapita. Jumatano nikaambiwa nafasi amepewa muuguzi wa wilaya nyingine, na kwenye faili langu wameandika sikuripoti.

Mume wa mtani alirudi baada ya wiki tatu, ndoo zimejaa. Alikuja moja kwa moja kwangu, mweusi kwa moshi, akatoa kifuani bahasha aliyoifunga kwenye nailoni mbili.

"Shikamoo, mtani. Niliikuta kwenye ndoo, nikajua ni ya maana. Nimekutunzia."

Alikuwa anatabasamu kwa fahari. Hakuna aliyekuwa amemwambia bado. Nikasema marahaba, nikasema wabeja, wabeja sana, kama wanavyoshukuru kwao, nikaipokea. Kona moja ilikuwa imeingia asali. Mpaka leo sisimizi wanaifuata popote ninapoiweka.

Mtani haombi radhi, ndiyo sheria yenyewe. Mtani wangu hakuniomba. Aliniletea kuni, akanifulia, akanipalilia bustani ambayo sikumwomba, na kila siku alinitukana kama kawaida. Siku moja tu, tukichambua maharage, alisema bila kuniangalia, "Nilitaka ukae siku moja zaidi. Moja tu. Nilijua mwaka ni mrefu." Nikamwambia, "Mla michembe, nyamaza." Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyowahi kuwa nayo juu ya jambo lile.

Mwaka uliofuata akashika mimba. Nilimpima mwenyewe, nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Tarehe yake ingenikuta nimesharudi kutoka chuoni, miezi miwili kazini, kwenye kile chumba cha vigae. Sikumwambia. Alikuwa anahesabu na yeye, nilimwona.

Tulipanga vizuri. Wiki za mwisho aende Tabora mjini, akakae jirani na hospitali kwa shangazi wa mume, angoje huko. Lakini tumbaku ikaiva kwa mkupuo mwaka ule. Mabani ya kukaushia yalikuwa yamejaa, moto hauzimwi, mume mmoja, watoto wadogo, akasema, "Wiki moja tu, Mgogo, tumalize bani la mwisho." Nilimgombeza, wallahi nilimgombeza mpaka mama mhudumu akatoka nje. Alinijibu, "Na wewe ukipiga kelele hivyo, mlenda wako utaungua." Nikampa siku tano. Mimi, niliyekuwa nalijua kovu lile kwa vidole vyangu, nikampa siku tano kwa sababu alinichekesha.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, walimleta wamemweka juu ya toroli la kubebea kuni. Uchungu ulikuwa umeanza mapema mno. Nilipogusa tumbo nilijua hakuna muda. Gari la wagonjwa lilifika saa tatu na nusu; dereva aliendesha kama mwendawazimu, na saa nne tulikuwa kwenye kituo cha afya.

Daktari alitoka mbio. Akampima, akanivuta pembeni, mbele kabisa ya mlango wa lile jengo. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. "Kovu linaachia," akasema. "Naweza kumpasua, sister. Dakika ishirini. Siwezi kumlaza." Nikamwambia amlaze hivyo hivyo. Nikamwambia mimi nitashika, nitafanya chochote. Nikamshika koti. "Ukimlaza asiyejua, haamki," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, kijana wa watu. "Wewe ndiye uliyekuwa uende, si ndiyo? Niliona jina lako kwenye orodha. Nilikusubiri." Nilimwachia koti. Akamwekea dripu, tukapandisha machela garini, tukaanza njia ya Tabora.

Jua lilikuwa kali. Nilikaa sakafuni nimeshika mkono wake. Alikuwa na akili zake zote, hilo ndilo lililoniua. Karibu na barabara ya lami alifungua macho akasema, "Mgogo, nilaze. Naumwa sana. Si ulikwenda kusomea kulaza watu?"

"Sikwenda, Mnyamwezi."

Akafikiri kidogo. "Aa, kweli. Nilikuzuia."

"Hukunizuia. Ulinitania."

"Nilikuzuia," akasema. "Ulipe hongo. Hukulipa." Alijaribu kucheka. Nikamwambia nitalipa, nitalipa jogoo wawili, nitalipa chochote, asifunge macho. Tulikuwa tumeanza kuona nyumba za kwanza za mjini alipoacha kunibana vidole. Mtoto naye hakuishi. Dereva hakuzima king'ora mpaka tulipoingia getini, kwa sababu sikumwambia.

Alizikwa kesho yake mchana, yeye na mtoto wake kaburi moja, kwa ibada ya Wamoraviani. Kijiji kizima kilikuja. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake ndani, nimejifunika, na wazee wawili wakanijia. Walikuwa hawathubutu kuniangalia usoni. "Mtani," mmoja akasema, "watu wanangoja. Marehemu alikuwa anakupenda. Usimwache aende kimya kimya kama asiye na mtani."

Hivyo ndivyo ilivyo. Ni wajibu, huna ruhusa ya kukataa kwa sababu una huzuni. Nikainuka, nikaenda nyumbani kwangu, nikaichukua ile bahasha. Jeneza lilipotoka kuelekea makaburini nikaenda mbele, nikalala chali katikati ya njia. Wabebaji wakasimama. Wanawake wakaanza kucheka kidogo katikati ya machozi, kama inavyotakiwa.

"Hapiti mtu!" nikapiga kelele. "Hii ni nchi ya Wagogo! Babu zenu walilipa na nyie mtalipa!"

Mzee mmoja akatoa sarafu akanirushia, kama desturi. Nikaipiga teke. Watu wakacheka zaidi. Nikainuka nikaliendea jeneza, nikatoa vyeti kwenye bahasha kimoja kimoja, nikavipanga juu ya kifuniko. Cha sekondari. Cha uuguzi. Leseni.

"Mnyamwezi," nikasema, "hongo yako hii hapa. Nimelipa. Ulisema nikipiga magoti asubuhi utanirudishia safari yangu. Nimepiga magoti. Haya, inuka. Inuka unirudishie, nikasome, nirudi, nikulaze. Inuka, mwizi we! Mla michembe we! Inuka!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wanawake wakapiga vigelegele. Hata mume, maskini, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka akafuta kamasi na kiganja. Mimi nilikuwa nagonga kifuniko kwa ngumi zote mbili, namwamuru ainuke, na kadiri nilivyogonga ndivyo walivyocheka. Sikuwa natania. Nilitaka ainuke. Daktari alikuwa amesimama nyuma ya watu na koti lake jeupe. Yeye peke yake hakucheka. Mwisho wakanishika kwapa kwa upole, wakaviokota vyeti vyangu wakanirudishia, wakapita. Jioni walikuja kunishukuru. Walisema miaka mingi hawajamwona mtani aliyefanya kazi yake vile.

Sasa tangazo limetoka tena, wilaya yetu nafasi moja. Fomu ninayo mezani, na sisimizi wameanza kuja kwa sababu bahasha iko pembeni. Kwenye mistari miwili nimeandika: "Nilichelewa. Kosa ni langu." Ofisa mpya, niliyemsomea kwa simu, amesema kwa kuwa nimekiri, kuna matumaini, na niwe nimefunga mizigo. Muuguzi wa kuazima bado hajapatikana. Bibi yule yule wa mkutanoni ana mjukuu mwenye mimba ya miezi sita. Alinikuta kisimani akaniuliza, "Utakwenda?" Nikasema nitakwenda. Akaitikia kwa kichwa, akaniinulia ndoo kichwani, akaenda zake. Mwanzoni angeniita ombaomba.

Tangu mazishi yale hakuna anayenitania hapa. Wananiamkia shikamoo kama mgeni wa serikali. Begi langu limekaa wazi juu ya kitanda siku tatu sasa, vyeti juu ya nguo, mlango sijaufunga. Hajaingia mtu.